KUWASHA MOTO NA KUUTUNZA
Juu ya mashini inayoitwa tokamaki



Hapa Kisangani, katika darasa na katika mikutano ya wakatekista, kuna maulizo yanayorudi mara kwa mara. Vijana wasikia kwa radio na kusoma kwa simu zao kwamba wenye elimu wa Ulaya, wa China na wa Marekani wanatengeneza « jua dogo » hapa duniani. Kisha watuuliza mambo matatu. Je, ni kweli? Je, jua hilo haliwezi kupasuka na kuunguza dunia? Na kama ni kweli, mbona miaka inapita na umeme wake hatuuoni?

Ni maulizo mema, na mwalimu hapashwi kuyajibu kwa mzaha wala kwa kubahatisha. Kwa hiyo twataka kuyafasiria hapa polepole. Neno kubwa tutakaloonyesha ni hili moja: katika kazi hii, kuwasha moto si shida iliyo kubwa zaidi. Shida kubwa ni kuzuia joto lisikimbie. Kila mama anayepika kwa makala ajua jambo hilo, lakini wenye elimu walipashwa kutumika miaka mingi sana kabla ya kulishika vizuri.

1. Kuvunja na kuunganisha

Inchi yetu si mgeni katika mambo ya atomi. Uraniamu ya Shinkolobwe, katika Katanga, ilipelekwa Marekani kwa siri, ikatumiwa katika kazi iliyozaa mabomu ya mwaka 1945. Miaka 14 baadaye, katika mwaka 1959, mashini ya kwanza ya atomi katika Afrika nzima iliwashwa katika chuo kikuu cha Lovanium, kule Kinshasa, mji ulioitwa wakati ule Léopoldville. Mkubwa wa chuo hicho alikuwa padri, Monsinyori Luc Gillon, naye mwenyewe alikuwa mwenye elimu ya fizika. Mashini ile iliitwa TRICO. Ya pili, TRICO II, ilifuata katika mwaka 1972, ikasimamishwa katika mwaka 2004.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Mashini za TRICO zilivunja atomi nzito. Kiini cha uraniamu kikivunjika vipande viwili, nguvu yatoka. Jua halifanyi hivyo. Jua lafanya kinyume: launganisha viini vyepesi vya idrojeni, na katika kuungana kwao nguvu kubwa yatoka. Moto wa kuunganisha ndio tunaoutafuta katika tokamaki.

Duniani wenye elimu wamechagua idrojeni za namna mbili zilizo nzito kidogo kuliko idrojeni ya kawaida. Ya kwanza yaitwa deuteri. Imo ndani ya maji yote, hata ndani ya mto wetu Kongo: katika kila atomi 6.400 hivi za idrojeni ya maji, moja ni deuteri. Ya pili yaitwa triti. Hiyo ni adimu sana, kwa sababu inaoza yenyewe: baada ya miaka 12 hivi, nusu yake imekwisha. Sherti itengenezwe kwa kutumia litiamu, madini ambayo yako kwa wingi kule Manono. Kiini cha deuteri kikiungana na kiini cha triti, vyazaliwa vitu viwili: kiini cha heliamu na neutroni moja. Neutroni yaondoka na sehemu nne katika tano za nguvu. Heliamu yabaki na sehemu moja. Tuikumbuke sehemu hiyo moja, maana tutairudilia.

2. Kwa nini sherti joto liwe kali

Viini vyote vina umeme wa namna moja, na vitu vyenye umeme wa namna moja vyasukumana. Ukitaka viungane, sherti vikimbie kwa nguvu sana hata vigongane kabla ya kusukumana mbali. Na kukimbia kwa vitu vidogo namna hii ndiko tunakoita joto. Maji ya moto ni maji ambayo vipande vyake vidogo vyakimbia upesi kuliko vile vya maji baridi. Hakuna siri nyingine.

Katikati ya jua, joto ni degre milioni 15 hivi. Jua latosheka na joto hilo kwa kuwa ni kubwa mno, na uzito wake mwenyewe wakandamiza viini pamoja. Sisi hatuna uzito wa jua. Kwa hiyo twahitaji joto linalopita lile la jua mara 10, ni kusema degre milioni 150.

Katika joto la namna hiyo hakuna tena kitu kigumu, wala maji, wala hewa ya kawaida. Atomi zinapoteza elektroni zao. Viini vyaenda upande wao na elektroni upande wao, vyote vikichanganyika kama uji. Hali hiyo yaitwa plasma. Tusidhani ni ajabu ya Ulaya tu: umeme wa radi unaopiga msituni wafanya plasma kwa nukta moja, na jua lote pamoja na nyota zote ni plasma.

3. Chombo kisichoguswa

Basi, moto wa degre milioni 150 tutautia katika chungu gani? Hakuna chuma kinachovumilia hata degre 4.000. Jibu ni kutumia sumaku. Kwa kuwa vipande vya plasma vina umeme, nguvu ya sumaku yaviongoza: kila kipande chafuata njia ya sumaku kikiizunguka, kama mtambaa unavyozunguka mti.

Lakini njia iliyonyoka ina miisho miwili, na plasma itatokea huko. Kwa hiyo Warusi wawili, Igor Tamm na Andrei Sakharov, walifikiri katika miaka ya 1950 na 1951: tupinde njia hata mwisho wake ukutane na mwanzo. Ndivyo tokamaki ilivyozaliwa. Jina lenyewe ni kifupi cha maneno ya Kirusi yanayosema « chumba cha duara chenye sumaku ». Umbo lake ni sawasawa na mpira wa ndani wa gurudumu la kinga. Tazama toleka yoyote inayopita barabarani: ukifikiri kwamba plasma ndiyo hewa iliyo ndani ya mpira ule, umekwisha kuelewa umbo la tokamaki. Tena njia za sumaku hazizunguki duara tu. Zajipinda pia kama nyuzi za kamba iliyosokotwa. Pasipo kupindwa hivyo, plasma yateleza upande na kugusa ukuta.

Plasma yenyewe ni nyepesi mno. Ndani yake mna vipande pungufu kuliko ndani ya hewa tunayopumua, mara zaidi ya 100.000. Hata katika tokamaki iliyo kubwa kuliko zote, uzito wa plasma yote haufiki gramu 1.

4. Namna za kutia joto

Namna ya kwanza ni kupitisha umeme ndani ya plasma yenyewe. Waya wa pasi unapata moto kwa sababu umeme wapita ndani yake kwa shida, na plasma vilevile. Lakini kuna kizuizi: kadiri plasma inavyozidi kupata joto, umeme unazidi kupita bila shida. Pasipo shida, hakuna joto jipya. Kwa hiyo namna hii yafaa mwanzoni, kisha yachoka kabla ya kufika tunakokwenda.

Namna ya pili ni kutupa ndani ya plasma atomi zilizokwisha kukimbizwa sana. Hapa kuna fumbo, maana sumaku inayozuia plasma isitoke yazuia pia vitu vya umeme visiingie. Mafundi wafanya hivi: kwanza wakimbiza viini kwa nguvu ya umeme, halafu, mlangoni, wavirudishia elektroni zao, hata vinakuwa atomi kamili zisizo na umeme. Sumaku haizioni, nazo zaingia. Ndani ya plasma zavuliwa elektroni tena, zinashikwa na sumaku, na kwa kugongana na vipande vingine zavigawia mbio zao. Ni kama kumimina maji yanayochemka ndani ya beseni ya maji ya vuguvugu.

Namna ya tatu ni mawimbi, ndugu za mawimbi ya radio. Tumekwisha kusema kwamba kila kipande chazunguka njia yake ya sumaku. Kuzunguka huko kuna kipimo: elektroni zazunguka upesi sana, viini vyazunguka polepole zaidi. Mtoto anayebembea kwa kamba, ukimsukuma kila mara kwa wakati wake, atapanda juu sana ijapokuwa mkono wako ni dhaifu. Ukimsukuma ovyo, hapandi. Vivyo hivyo mafundi wachagua wimbi linalopiga kwa kipimo kile kile cha elektroni, au kile cha viini, na plasma inapokea joto.

Iko pia namna ya nne, nayo ndiyo tumaini la kazi yote. Ile heliamu inayozaliwa ina umeme, basi sumaku yaishika, nayo yabaki ndani na kugawia plasma nguvu yake, ile sehemu moja katika tano. Siku joto la heliamu litakapotosha peke yake, moto utajilisha wenyewe, kama makala yaliyokwisha kushika hata hayahitaji tena karatasi wala kupepewa.

5. Kupima bila kujidanganya

Mtu akikuambia: « Plasma yangu ina degre milioni 10 », utajuaje kama asema kweli? Hakuna kipima-joto cha kutia humo. Twataka kukumbusha habari mbili, maana zinafundisha.

Katika mwezi wa kwanza wa mwaka 1958, Waingereza walitangaza kwamba mashini yao iliyoitwa ZETA ilikuwa imekwisha kuunganisha viini kwa joto. Waliona neutroni zikitoka, wakadhani zatoka katika moto wanaoutafuta. Magazeti yalishangilia. Miezi michache baadaye, walipopima vizuri zaidi, waliona kwamba neutroni zile zilikuwa na sababu nyingine. Wakasema hadharani kwamba walikosea.

Miaka 10 baadaye, katika mwaka 1968, Lev Artsimovich na Warusi wenzake walisema kwamba tokamaki yao ya Moscow, T-3, ilifika karibu na degre milioni 10. Watu wa magharibi walikuwa na mashaka. Wakati ule Urusi na Ulaya ya magharibi hazikuaminiana hata kidogo. Hata hivyo Artsimovich aliwaalika Waingereza waje na vyombo vyao wenyewe kupima mashini yake. Waingereza wa Culham walikwenda Moscow na lazeri, ni kusema taa ya mwangaza mkali wa rangi moja. Waliangaza plasma kwa taa ile. Mwangaza ukigonga elektroni inayokimbia, rangi yake yabadilika kidogo, kama sauti ya honi ya pikipiki inavyobadilika inapokupita. Kwa kupima kubadilika kwa rangi, walijua mbio za elektroni, na kwa mbio walijua joto. Katika mwaka 1969 walitangaza: Warusi walisema kweli. Tangu siku hiyo inchi nyingi zilianza kujenga tokamaki. Hata Afrika ya Kusini ilikuwa na yake katika miaka ya 1980, iliyoitwa Tokoloshe, na Misri ilikuwa na moja ndogo, Egyptor.

Ndugu waseminari wayatazame vizuri mambo hayo mawili. Wa kwanza walikosea wakakiri. Wa pili walifungua mlango, wakakubali kupimwa na watu wasiowaamini. Pasipo mambo hayo mawili kazi yote ingesimama.

6. Joto linatokea wapi

Sasa tuko katika kiini cha habari yetu. Wenye elimu walipokwisha kujua kupima, walijiuliza: tukizima mashini za kutia joto, joto lililomo litakaa muda gani kabla ya kuponyoka? Muda huo ndio kipimo cha mashini. Mwingereza John Lawson alikuwa amekwisha kuonyesha tangu miaka ya 1950 kwamba mambo matatu yapashwa kwenda pamoja: joto, wingi wa vipande, na muda wa kutunza joto. Likikosekana moja, mengine mawili hayaokoi kitu. Chungu chenye tundu, hata ukimimina maji mengi namna gani, hakijai.

Walifanya hesabu. Walisema: kipande chazunguka njia yake, kikigongwa na kingine, charuka hatua ndogo hata njia ya jirani, kwa hatua hizo ndogo ndogo kitafika nje polepole. Kwa hesabu hiyo joto lingekaa muda mrefu. Lakini vyombo vilisema namna nyingine. Joto la viini lilitoka upesi kuliko hesabu mara kadhaa, na joto la elektroni mara nyingi zaidi, hata mara 100. Miaka mingi ilipita pasipo kujua sababu yake.

Anayekaa Kisangani anaweza kuelewa sababu kuliko wengine. Tuende kwenye maporomoko ya Wagenia. Mahali ambapo maji ni matulivu, ukitia tone la rangi litatawanyika polepole sana. Lakini chini ya maporomoko, penye vizunguko vya maji, tone lile litachukuliwa hata ng'ambo kwa nukta chache. Maji ni yale yale. Kinachochukua rangi ni msukosuko. Na plasma ndivyo ilivyo. Ndani yake mna vizunguko vidogo, vingine vya milimetre chache, vingine vya santimetre. Kila kizunguko chachukua joto la ndani na kulitupa nje, na kurudisha ubaridi wa nje ndani.

Msukosuko huo watoka wapi? Watoka katika tofauti ya joto yenyewe. Fikiri: katikati ya plasma pana degre milioni 150, na ukutani, kwa umbali wa metre 2 tu, pana degre mia kadhaa. Huo ni mteremko mkali ajabu. Tuchukue mchanga wa ufukoni na kuumimina mahali pamoja. Lundo lapanda, mteremko wazidi kuwa mkali. Lakini ukifika kipimo fulani, mchanga wateleza. Ukimimina zaidi, wateleza zaidi, na lundo halipandi kama ulivyotaka. Plasma vilevile: mteremko wa joto ukipita kipimo, vizunguko vyaamka na joto lateleza nje.

Ndiyo maana wenye kupima waliona jambo la kuhuzunisha: walipoongeza mashini za kutia joto mara mbili, joto lililotunzwa ndani halikuongezeka mara mbili, bali chini ya mara moja na nusu. Nguvu iliyobaki ilipotea. Ikaonekana kwamba kuongeza kuni tu hakutoshi.

7. Mwaka 1982

Katika mwaka 1982, kule Garching katika inchi ya Ujerumani, Fritz Wagner alikuwa akitumika na tokamaki iliyoitwa ASDEX. Walikuwa wakitia joto kwa atomi za mbio, ile namna ya pili. Mara, nguvu ilipopita kipimo fulani, plasma ilibadilika yenyewe kwa ghafula. Badala ya kuvuja zaidi, ilivuja kidogo. Muda wa kutunza joto uliongezeka karibu mara mbili, na hakuna mtu aliyekuwa ameandika katika hesabu yoyote kwamba itakuwa hivyo. Hali hiyo mpya waliita hali ya H, ni kusema hali ya juu.

Ilikuwaje? Kando kando ya plasma, katika tabaka nyembamba ya santimetre chache, palizaliwa kizuizi. Tabaka za plasma zilianza kuteleza moja juu ya nyingine kwa mbio zisizo sawa. Kizunguko kikianza kuota hapo, upande wake mmoja wavutwa upesi na upande mwingine wachelewa, nacho chararuka kabla ya kukua. Tufanye uangalifu hapa: katika mto, mara nyingi mikondo miwili isiyo sawa ndiyo inayozaa vizunguko. Ndani ya plasma ya tokamaki, penye sumaku kali, mara nyingi mikondo ya namna hiyo yaviua. Kwa hiyo mfano wa mto watusaidia, lakini si kwa mambo yote.

Lakini hali ya H ina shida yake pia. Funika sufuria inayochemka: mvuke wakusanyika, kisha wanyanyua kifuniko, « pu! », kisha kifuniko charudi, kisha « pu! » tena. Kizuizi cha plasma chafanya vivyo hivyo. Mara kwa mara chapasuka kwa nukta moja na kutema joto ukutani. Katika tokamaki kubwa kutema huko kwaweza kula ukuta, hata ukiwa wa tungsteni, chuma kinachovumilia moto kuliko vyuma vyote. Wenye elimu wa sikuhizi watafuta namna ya kuzuia kutema huko, au kukufanya kuwe kudogo, bila kupoteza kizuizi chenyewe.

8. Kazi imefika wapi

Tokamaki kubwa ya Ulaya, JET, ilitumika kule Culham katika Uingereza tangu mwaka 1983 hata mwisho wa mwaka 2023. Katika mwaka 1997 ilitoa megawati 16 za moto wa kuunganisha, huku plasma ikitiwa joto la megawati 24. Tulinganishe: baraji yetu ya Tshopo ilijengwa kutoa nguvu isiyofika megawati 20. Ni kusema, kwa nukta chache, moto wa JET ulikaribia nguvu ya baraji yetu. Lakini kuuwasha kulidai nguvu inayopita baraji nzima.

Katika mwaka 2023, kabla ya kufungwa, JET ilitoa megajuli 69 kwa muda wa sekunde 5 hivi, kwa kutumia miligramu 0,2 tu za deuteri na triti. Makala yanayotoa joto la kadiri hiyo ni kilo 2 na zaidi kidogo. Mama mmoja wa Kisangani ayabeba kwa mkono. Tazameni mambo mawili kwa pamoja: kilichochomwa ni kidogo hata jicho haliwezi kukiona, lakini joto lililopatikana ni la jikoni moja, na mashini nzima pamoja na sumaku zake ilikula umeme unaopita huo mara nyingi.

Katika mwaka 2025, tokamaki ya Ufaransa iitwayo WEST, kule Cadarache, ilitunza plasma sekunde 1.337, ni kusema zaidi ya dakika 22. Mashini hiyo haichomi triti. Kazi yake ni kujifunza namna ukuta wa tungsteni unavyovumilia.

Karibu na WEST, mahali pale pale Cadarache, inajengwa ITER, kazi ya Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea ya Kusini, Urusi na Marekani. Watu wanaobishana katika mambo mengine watumika pamoja humo. Makusudi yake ni kutoa megawati 500 za moto kwa plasma inayotiwa megawati 50, na kutunza joto sekunde 3 na zaidi, wakati JET ilifika karibu na sekunde 1 tu. Sumaku zake zitakaa katika baridi ya degre 269 chini ya sufuri, metre chache tu kutoka kwa moto wa degre milioni 150. Kwa mpango uliotangazwa katika mwaka 2024, kazi ya kujifunza itaanza katika mwaka 2034, na kuchoma deuteri pamoja na triti katika mwaka 2039. Tena ITER haitatoa umeme. Ni mashini ya kujifunza.

9. Tuwajibu nini vijana?

Je, ni kweli? Ndiyo. Moto wa kuunganisha umekwisha kuwashwa duniani, umepimwa, na hakuna anayeukana. Kilichobaki ni kuutunza kwa muda mrefu na kwa faida.

Je, waweza kupasuka na kuunguza dunia? Hapana. Shida yote tuliyoieleza ni kwamba moto huu wapenda kuzimika. Kizuizi kikivunjika, plasma yagusa ukuta, yapoa na kufa mara moja. Yaweza kuharibu mashini, lakini si mji. Hata hivyo tusiseme hauna hatari yoyote. Triti ina mionzi, na neutroni zageuza vyuma vya ukuta kuwa na mionzi kwa miaka mingi. Sherti vitunzwe kwa uangalifu.

Mbona umeme wake hatuuoni? Kwa sababu joto lavuja, na kila tundu linalozibwa laonyesha tundu lingine. Mtu akikuja Kisangani na kuahidi umeme wa jua dogo mwaka kesho, anadanganya. Umeme wetu wa kesho utatoka Tshopo na mito mingine, tukitunza mashini zake.

Mtu atasema: basi jambo hili latuhusu nini sisi? Latuhusu. Litiamu iko Manono. Tungsteni yatoka katika mawe ya Kivu na ya Maniema. Niobiamu, ambayo sumaku kubwa za ITER zimefanyizwa nayo, imo ndani ya koltani yetu. Zamani watu wa Shinkolobwe walichimba mawe bila kuambiwa yanakwenda kufanya nini. Si vizuri watoto wao wachimbe mara ya pili bila kujua. Njia ya kujua ni moja tu: hesabu, fizika, na walimu wasioogopa kuyafundisha, tangu shule ya parokia hata Chuo Kikuu cha Kisangani.

Kwa hiyo, mkatekista au padri akiulizwa juu ya jua dogo, asikimbilie kusema « ni uongo wa Wazungu », wala asiseme « ni mwujiza ». Awapeleke vijana mtoni kwa Wagenia, awaonyeshe vizunguko vya maji, awaambie: ndiyo haya yanayowakesha wenye elimu. Kisha awaulize: nani kati yenu atakwenda kujifunza kuvituliza?